Salio

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Si kwa uaminifu; kwa mwandiko.
Mwalimu Isere alisema herufi zangu husimama wima
kama nguzo za shamba la zabibu,
basi nikapewa rula, kalamu nyekundu,
na kopo la rangi lililotobolewa kifuniko.

Hombolo, Agosti. Upepo unaokota vumbi
na kulirudisha palepale.
Dawati la tatu dirishani lina nusu mtu:
sweta lake lipo, chupa yake ya maji ipo,
mwenyewe yuko mjini, kitanda cha kumi na nne,
uso umeumuka kama andazi.
Hivyo alisema yeye, msinilaumu.

Figo.
Tuliichora kidato cha pili,
tukaipaka kahawia, tukapewa saba kwa kumi.
Hakuna aliyetuambia ina bei.

Nikaandika.
Karanga, sado mbili, kutoka kwa bibi yake, Mbeleje,
aliyezibeba kichwani toka Ipala
akakataa maji ya kunywa mpaka zipimwe.
Alizeti, gunia lisilojaa.
Sarafu za elfu mbili mia saba na hamsini, zinanata:
watoto wa shule ya msingi waliuza ubuyu wa rangi
na kulamba vidole wakihesabu.
Mama Nhembo wa jikoni, ujira wa siku tatu.
Nikamuuliza, "Niandike jina gani?"
"Andika moshi."
Nimeandika Moshi.

Chedego alikuja na mbuzi,
mdogo, ana kamba ya katani na kiburi.
Chedego huyohuyo aliyemwita Nyemo "Bwawa"
miguu yake ilipoanza kujaa maji,
darasa zima likacheka, mimi nikiwa mbele.
Hilo halimo daftarini.
Halikuwa na safu yake.

Ikaja habari ya damu.
Wengi wetu hatujatimiza kumi na minane, tukarudishwa getini.
Mwalimu Mkunda wa nidhamu,
ambaye fimbo yake inakijua kila kiganja,
akakunja mkono wa shati, akaiona sindano,
akaenda chini kama gunia la mtama.
Alipozinduka akasema, "Endeleeni, mkono si huu hapa?"
Tangu siku ile tunamwogopa kwa namna nyingine,
kama unavyomwogopea mtu wako akipanda ngazi.

Jumla: laki sita, arobaini na moja elfu, mia tatu.
Nikapiga mistari miwili chini yake.
Nilidhani mistari miwili maana yake ni mwisho.

Nyemo hakulia.
Alilichukua daftari, akalisoma kwa kidole,
mrija umebandikwa shingoni kwa plasta,
na kwenye kila jina anatua kidogo,
kama anayeonja chumvi.
"Chedego ana peni yangu ya bluu," akasema.
"Mbuzi nimempokea. Peni airudishe."
Kisha: "Hapa umejumlisha vibaya. Mia tatu imezidi."
Nikahesabu upya. Kweli.
Akacheka, mashine ikapiga kelele,
nesi akaja mbio akatukuta wote wawili tunafuta macho.

Mhasibu wa hospitali naye ana daftari,
nene kuliko letu, herufi zake zimelala.
Kuoshwa damu, mara mbili kwa wiki.
Akatoa. Akatoa tena. Akatoa na ya tatu.
Nikapanda basi la kurudi na risiti mfukoni
na kopo tupu mapajani, linagonga kila shimo.

Salio: sifuri.

Leo Jumanne. Alhamisi anaoshwa tena.
Nimefungua ukurasa mpya, nimechora safu:
tarehe, jina, kitu, kiasi.
Ya tano nimeichora nyembamba, pembeni,
sijaipa kichwa.
Kengele bado.
Chedego amesimama mlangoni, vumbi hadi magotini,
ana peni ya bluu,
anauliza kama nayo inaandikwa.